Kuzima Masasisho Si Kuokoa Bando

Tangu Microsoft isitishe masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanaofika kwenye dawati letu hapa Kisumu na kompyuta zilizovurugika husema jambo moja: fundi alizima masasisho ili bando lisiishe.

Zamani hoja hiyo ingekuwa na uzito. Programu iliuzwa ndani ya kisanduku, ikiwa kwenye disketi za megabaiti 1.44, baadaye sidii. Ukishanunua, umenunua, kasoro ikionekana, ulingoja toleo lijalo. Intaneti imeugeuza mtindo huo. Microsoft, kwa mfano, hutoa viraka, yaani masasisho ya kuziba kasoro, kila Jumanne ya pili ya mwezi. Programu siku hizi huletwa kidogo kidogo, na anayezima masasisho amekataa kupokea sehemu ya kile alicholipia.

Mwezi Machi 2017 kilitolewa kiraka cha kasoro fulani ya Windows. Mwezi Mei, programu hasidi iitwayo WannaCry ikapenya palepale na kufunga faili za hospitali nyingi Uingereza. Kiraka kilikuwepo tayari! Kwa hivyo naomba tuache kusema kwamba wadukuzi hawana haja na zahanati ndogo ya Ahero. WannaCry haikuchagua mtu. Ilisambaa yenyewe kutoka mashine hadi mashine.

Kwa zahanati, shule na sakko kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 43, inamtaka anayedhibiti data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kufahamu kwamba data imefikiwa bila idhini na wenye data hiyo wamo hatarini. Aliyepewa kazi ya kuichakata kwa niaba yake humjulisha mdhibiti ndani ya saa 48, inapowezekana. Taarifa ikichelewa, iambatane na sababu. Faini ya kiutawala hufika shilingi milioni 5 au, kwa biashara, asilimia 1 ya mapato ya mwaka wa fedha uliotangulia. Huchukuliwa kiasi kilicho kidogo. Kumtaja fundi hakumwondolei mdhibiti wajibu huo.

Gharama ya bando tunaijua, na inauma. Windows ina mpangilio unaoziwezesha kompyuta za ofisi moja kugawiana sasisho lililokwisha kupakuliwa. Mwombeni fundi auwashe kabla hajaondoka.