Mnyoo wa Kompyuta Hausubiri Ubofye: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba mtu asiyefungua barua pepe asizozijua, wala kuingia kwenye tovuti za ovyo, hawezi kupatwa na lolote. Kwa virusi vingi tahadhari hiyo inasaidia. Kwa mnyoo haitoshi, kwa sababu mnyoo ni programu inayojinakili na kusafiri yenyewe mtandaoni, ikibisha hodi kwenye anwani moja baada ya nyingine mpaka ikutane na kompyuta yenye kasoro inayoijua. Mnyoo wa Blaster, ulioanza kusambaa tarehe 11 Agosti 2003, uliingia kwenye Windows 2000 na Windows XP kupitia poti namba 135 (mojawapo ya milango ya kompyuta ya kupokea mawasiliano ya mtandao) bila mwenye kompyuta kugusa chochote. Mara nyingi alichokiona ni kisanduku cha kumwarifu kwamba kompyuta inajizima, sekunde zikipungua mbele ya macho yake kuanzia 60. Ikiwaka tena na kuunganishwa na intaneti, hesabu iliweza kuanza upya, hata anayejua kwamba kiraka cha kuziba kasoro hiyo kipo akakosa muda wa kukipakua. Ilimbidi kwanza awashe fayawoli, programu ya kuzuia mawasiliano yasiyoalikwa kutoka mtandaoni, ambayo XP ilikuwa nayo tangu mwanzo, ila ilikuja ikiwa imezimwa.

Dhana ya pili ni ngumu zaidi kuijibu, kwa kuwa nusu yake ni kweli: kwamba watengenezaji wa programu hawaaminiki, kwa hiyo masasisho yao ni ya kukwepwa. Sababu za kutowaamini zipo. Microsoft iliiacha fayawoli ya XP ikiwa imezimwa hadi Agosti 2004, ilipotoa Service Pack 2, sasisho kubwa la XP. Mwaka 2005 ilibainika kwamba baadhi ya CD za muziki za Sony BMG zilisakinisha kwenye kompyuta za wanunuzi programu iliyojificha, nayo ikawa kichaka cha programu nyingine hasidi. Anayenung'unika hajakosea.

Kosa huanza pale manung'uniko yanapogeuka kuwa sababu ya kuzima masasisho. Ndani ya Blaster mlikuwa na ujumbe kwa Bill Gates, ukimtaka aache kuchuma pesa akarekebishe programu zake. Lakini kiraka cha kasoro hiyo hiyo kilikuwa kimetolewa tarehe 16 Julai, siku 26 kabla, na mnyoo huo uliojidai kusema kwa niaba ya watumiaji ulipangwa kushambulia anwani ya huduma ya masasisho ya Windows kuanzia tarehe 16 Agosti. Kwa WannaCry ilikuwa vivyo hivyo: kiraka kilitoka tarehe 14 Machi 2017, mnyoo ukaja tarehe 12 Mei. Kiraka kikishatoka, wahalifu hulinganisha faili la zamani na jipya ili wajue kilichozibwa, kwa hiyo anayechelewa anabaki na kasoro ambayo sasa inajulikana na kila mtu. Kama kinachokuzuia ni bando, inafaa kujua kwamba Microsoft hutoa viraka vya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Ukipata Wi-Fi ya uhakika wiki hiyo, pakua.

Wapo pia wanaodhani kwamba kuhama Windows kunamaliza shida. Mnyoo wa Morris wa tarehe 2 Novemba 1988 ulishambulia kompyuta za Unix, na mnyoo wa Mirai, mwaka 2016, uliteka ruta na kamera zinazotumia Linux (yote miwili ni mifumo endeshi isiyo Windows) kwa kujaribu tu nywila zilizowekwa kiwandani. Badilisha nywila ya ruta yako.

Kuhusu antivairasi, wengi huipa kazi isiyoiweza. Mwezi Januari 2003 mnyoo wa Slammer ulizifikia zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta zilizokuwa na kasoro yake katika dakika 10 hivi, muda ambao hakuna kampuni ingeweza kuuchambua na kuwatumia wateja kinga. Kiraka chake kilikuwapo tangu Julai 2002.

Na si lazima mnyoo uje kwa intaneti. Conficker, ulioonekana kwanza Novemba 2008, ulipanda pia kwenye flashi, ile ile unayoipeleka kuchapisha kazi steshenari na kurudi nayo nyumbani. Ukiichomeka, Windows ilifungua kidirisha cha machaguo, na mnyoo uliingiza humo chaguo lake lenye picha ya folda na maneno ya kufungua folda kuona mafaili, juu kabisa ya lile halisi linalofanana nalo. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009, flashi hazikuruhusiwa tena kuingiza machaguo yao kwenye kidirisha hicho. Kwa XP na Vista, marekebisho hayo yalipelekwa kwa masasisho ya kawaida Februari 2011, yakawafikia wale tu ambao walikuwa hawajayazima.