Crash wa zamani si Crash wa leo: dhana potofu kuhusu gemu za zamani zilizorudi upya

"Ni gemu ile ile, wameipaka rangi tu." Kauli hii utaisikia kwenye mabanda ya gemu kuanzia Manzese hadi Mbagala, kila inapotajwa Crash Bandicoot N. Sane Trilogy, mkusanyiko wa gemu tatu za zamani za Crash zilizotengenezwa upya. Kwa sisi tunaopenda gemu za kukimbia na kuruka, hakuna dhana inayopotosha kuliko hii.

Gemu tatu za mwanzo za Crash zilitengenezwa na Naughty Dog kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, zikatoka mwaka 1996, 1997 na 1998. Mkusanyiko wa 2017 ulitengenezwa na kampuni nyingine, Vicarious Visions, na haukutumia msimbo wa zamani, yaani maandishi ya programu yanayoendesha gemu. Walichokuwa nacho ni baadhi ya maumbo ya asili. Mwendo, uzito wa mwili na namna mguu unavyogusa ardhi viliandikwa upya. Kisha wakaamua gemu zote tatu zichukue mwendo wa ile ya tatu. Ndiyo maana Crash wa leo anashuka haraka kuliko yule wa 1996. Isitoshe, sehemu yake ya chini inayohesabiwa kuwa imegusa ardhi ina umbo la mviringo, hivyo akitua ukingoni anateleza na kuanguka mahali ambapo zamani angesimama salama.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana nyingine: "Tumezeeka, vidole vimekufa." Hapana, vidole havina kosa. Jaribu The High Road, hatua ya lile daraja refu lenye mbao zinazokatika chini ya miguu. Ukiruka kwa kipimo ulichokizoea, unaishia shimoni. Activision, kampuni iliyotoa gemu hiyo, walieleza mwaka huo huo wa 2017 kwamba urukaji wa toleo jipya unadai usahihi zaidi kuliko wa zamani. Mimi naipenda sana kazi yao, lakini nashikilia kwamba gemu ya kwanza ilistahili kubaki na mwendo wake, kwa sababu mashimo yale yalipimwa kwa ajili ya mruko ule.

Wala tatizo hili si la juzi. Nintendo walipokusanya Mario wa zamani kwenye Super Mario All-Stars mwaka 1993, walichora kila kitu upya, lakini Mario akivunja tofali kwa kichwa anaendelea kupaa badala ya kurudi chini kama alivyofanya mwaka 1985. Ni kitu kidogo, ila aliyekulia kwenye ile ya kwanza anakihisi mara moja.

Kuna wanaotoka hapo na kusema mikusanyiko yote ni ya kujengwa upya. Si kweli. Tomb Raider I-III Remastered ya 2024, iliyofanywa na Aspyr, imesimama juu ya msimbo wa asili: unabonyeza kitufe kimoja, picha za zamani zinarudi, na Lara, shujaa wa gemu hiyo, yuko pale pale. Super Mario 3D All-Stars ya 2020 ilitumia njia ya tatu, programu inayoiga mashine ya zamani. Hata hivyo, kwa Super Mario 64 walichukua toleo la Japani la 1997, lile lililoongezewa mtetemo wa pedi, ambalo tayari lilikuwa limeziba ujanja maarufu wa kuruka kinyumenyume uliompa Mario kasi isiyo ya kawaida. Kwa hiyo hata asiyegusa chochote analazimika kuchagua toleo.

Na ile tuliyocheza sisi utotoni, je, ndiyo asili? Runinga za Tanzania zilifuata mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani zilikwenda 60. Gemu nyingi za wakati ule zilihesabu mwendo wake kwa picha hizo, na zilipoletwa kwenye mashine za PAL bila marekebisho, zilipungua kasi kwa takriban asilimia 17. Sonic the Hedgehog ya 1991 ni mfano mzuri: kwenye Mega Drive ya PAL, mashine ya kampuni ya Sega, Sonic anakimbia taratibu na muziki unavutika. Aliyeizoea hiyo, akifungua Sonic Origins, mkusanyiko wa 2022 wa Sonic za zamani, anadhani wameiongezea kasi, kumbe anakutana na ile ya Japani kwa mara ya kwanza.

Dhana nyingine: "Picha kali zaidi ndiyo bora." Si lazima. Kwenye TV ya chogo, maporomoko ya maji ya Sonic yalionekana kama maji unayoweza kuona hadi upande wa pili. Wachoraji walipanga mistari wima yenye nafasi katikati, wakijua kebo ya video ingeichanganya. Kwenye skrini bapa safi inabaki mistari mitupu. Nyingi ya skrini hizi pia huchelewesha picha kidogo ili kuipamba, na katika gemu ya kuruka ucheleweshaji huo ni kifo. Tafuta kwenye mipangilio ya TV sehemu ya gemu (Game Mode), uiwashe kabla hujailaumu pedi.

Kuhusu diski, jihadhari unaponunua Kariakoo. Spyro Reignited Trilogy ilipotoka 2018, diski ya PS4 haikubeba gemu zote tatu kamili. Nyingine ilibidi kupakua, na bando unalijua mwenyewe. Duka la mtandaoni nalo si ghala la milele: Super Mario 3D All-Stars iliacha kuuzwa tarehe 31 Machi 2021, na Mei 2022 Sega waliondoa madukani Sonic nyingi za zamani zilizouzwa mojamoja kabla ya kutoa Origins, ambayo nayo ina nyimbo zilizobadilishwa katika baadhi ya hatua za Sonic 3.

La mwisho ni lile la kwamba gemu hizi ni za wakubwa wenye kumbukumbu tu. Crash ya 1996 ilikuruhusu kuhifadhi ulipofika baada tu ya kumaliza vyumba maalum vya ziada au kupata kito. Toleo jipya linahifadhi lenyewe, na unaweza kucheza na Coco, dada yake. Sonic Origins ina namna ya kucheza isiyohesabu maisha kabisa, na kando yake ipo ile ya zamani yenye maisha ya kuhesabu. Mtoto wa miaka saba anaanza na ya kwanza, mjomba wake anashika ya pili.