Kumeza kamera: maswali ya walioandikiwa kipimo cha kapsuli

Nimeshapimwa kwa mpira wenye kamera, juu na chini. Kwa nini tena nimeze kamera?

Mpira wa mdomoni huishia mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Ule wa njia ya haja kubwa hukagua utumbo mpana na kuchungulia tu mwisho wa mwembamba. Katikati hubaki mita kadhaa ambazo hazijaonwa. Ndiyo maana mtu anaweza kupungukiwa damu kila mwezi, akapata choo cheusi kama lami, na vipimo vyote viwili vikasema yuko salama. Kapsuli, yaani kidonge chenye kamera ndani, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001, hupita humo humo. Hutumika pia kutafuta ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo.

Nitaweza kuimeza kweli?

Ina urefu wa milimita 26 hivi na unene wa 11, sawa na kidonge kikubwa cha vitamini, na ganda lake linateleza. Wengi huimeza kwa maji mara moja tu. Kama chakula huwa kinakukwama kooni, sema mapema.

Nijiandae vipi?

Hapa ndipo kipimo huharibikia. Kamera haina maji ya kujisafishia njia. Ikikuta uchafu, inapiga picha za uchafu.

Vidonge vya kuongeza damu husimamishwa takribani wiki moja kabla, kwa maelekezo ya daktari. Madini ya chuma yaliyomo hugeuza choo kuwa cheusi na kuganda kwenye ukuta wa utumbo, yakaficha hicho hicho kinachotafutwa. Siku ya kuamkia kipimo, kula kidogo, kisha hamia kwenye vinywaji vyepesi: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Juisi ya rozela iache, kwani wekundu wake unaweza kudhaniwa damu. Usiku unafunga, huli chakula kwa saa 10 hadi 12. Hospitali nyingi huongeza dawa ya kuharisha, kwa hiyo usipange safari ya daladala jioni hiyo. Waliozoea saumu hawasumbuki sana, ila hapa hakuna daku.

Mwenye kisukari asijikadirie mwenyewe dozi ya insulini siku ya kufunga. Mwenye kifaa cha moyo, na mjamzito, wajitaje kabla ya kupewa tarehe.

Siku yenyewe ikoje?

Unafungwa mkanda wenye kifaa cha kurekodi, unameza, unaondoka. Hakuna sindano ya usingizi. Kwa kawaida maji huruhusiwa baada ya saa 2 na mlo mwepesi baada ya 4. Tembea, fanya kazi za mezani, usibebe mizigo. Kapsuli inamulika na kupiga picha muda wote huo, maelfu kwa maelfu, na baada ya saa 8 au zaidi unarudisha mkanda. Haiwezi kukata kinyama wala kuziba jeraha. Inaona tu.

Ikikwama?

Hutokea kwa wachache, hasa wenye utumbo uliobanwa na Crohn au makovu ya upasuaji. Kwao daktari anaweza kutanguliza kapsuli ya majaribio inayoyeyuka. Ukiumwa tumbo, ukitapika au ukivimbiwa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Ikitoka, niioshe niirudishe?

Swali hili huulizwa kwa aibu, na jibu ni hapana. Picha zimo kwenye kifaa cha mkandani. Yenyewe iache iende na maji. Hutoka ndani ya siku chache, mara nyingi bila kuhisiwa. Kama huna hakika imetoka, usiingie kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za mwili kwa sumaku kali. Omba kwanza picha ya eksirei ya tumbo.