Lenzi za kulala nazo: kwanza tuuangalie uso wa jicho la mtoto

Wazazi wa Moshi na Arusha wameanza kutuuliza kuhusu lenzi ngumu ambazo mtoto asiyeona mbali huvaa usiku, akazivua asubuhi na kushinda shuleni bila miwani. Zinafanya kazi kweli. Huibonyeza taratibu konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hadi ibadilike umbo kidogo. Akiacha kuzivaa, konea hurudi ilivyokuwa. Pia lenzi hizi hupunguza kasi ya jicho kurefuka, na huko kurefuka ndiko kunakoongeza namba ya miwani mwaka hadi mwaka.

Lakini mimi huanza kwa kumuuliza mzazi: mtoto hufikicha macho? Vumbi la kiangazi tunalijua, na watoto wengi huku wana mzio wa macho, wenye muwasho, wekundu na tongotongo zinazovutika kama uzi. Jicho la namna hiyo lisilazwe na lenzi kabla mzio haujatulia. Tena kufikicha kwa miaka kunaweza kuidhoofisha konea hadi ichongoke, na konea iliyochongoka haifai kabisa kwa lenzi hizi.

Hata jicho lenye afya hulipa kitu. Chini ya kope zilizofumba, konea hupata oksijeni kidogo na machozi hayazunguki vizuri. Asubuhi tukitia rangi ya uchunguzi huweza kuonekana michubuko midogo, ambayo kwa kawaida hupona upesi. Wengine machozi huanza kukauka haraka. Hayo yanadhibitika, mradi mtoto aletwe kliniki kwa ratiba. Familia isiyoweza kurudi mara kwa mara, nashauri miwani, na mtoto ataona vizuri.

Ninachokihofia ni kidonda cha konea kilichoingia vijidudu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria visa kama 14 kwa mwaka kwa kila watoto 10,000 wanaovaa. Ni wachache, ila kovu likibaki katikati ya konea, uoni hupungua maisha yote. Kwa hiyo maji ya bomba, ya kisima au ya mfereji, hata yang'ae vipi, yasiguse lenzi wala kikasha chake: humo huishi amiba anayekula konea. Tumia dawa maalumu ya kusafishia tu, na mate kamwe.

Akiamka na jicho jekundu, linauma au linaogopa mwanga, mvue lenzi na umlete siku hiyohiyo, pamoja na lenzi na kikasha ili maabara ipime. Usipitie duka la dawa kwanza. Matone yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, yataondoa wekundu huku kidonda kikizidi kuzama.