Wengi kati ya wangapi? Namna tunavyohesabu kasoro za kuzaliwa

Mtu akishajua kazi yangu, iwe kliniki au ndani ya matatu ya kwenda Kayole, swali huwa moja: "Daktari, mbona siku hizi watoto wengi wanazaliwa na kasoro?" Na mara nyingi mshukiwa ameshapatikana: minara ya simu, sukuma wiki iliyomwagiliwa maji ya mtaro, sindano za kupanga uzazi. Mimi humrudishia swali. Wengi kati ya wangapi?

Tuchukue hesabu ndogo. Miguu iliyopinda humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000. Tuseme hospitali ya mtaani kwenu inapokea watoto 1,500 kila mwezi. Kwa wastani utaona mmoja au wawili. Lakini bahati haipimi kwa kibaba. Karibu mwezi mmoja kati ya mitano utapita bila hata mtoto mmoja wa namna hiyo, na mara moja katika miezi kama 15 watakuja wanne au zaidi, bila sababu yoyote mpya. Mwezi huo wodi itanong'ona, ujumbe utazunguka WhatsApp, na mtu atakumbuka mnara uliosimamishwa juzi. Ule mwezi mtupu hakuna aliyenong'ona.

Halafu kuna suala la mahali tunapojifungulia. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, watoto waliozaliwa katika vituo vya afya Kenya walikuwa asilimia 43 mwaka 2008/09, 61 mwaka 2014, na 82 mwaka 2022. Zamani mtoto aliyezaliwa nyumbani na mdomo uliopasuka, akashindwa kunyonya na kufariki siku ya nne, hakuingia kwenye daftari lolote. Leo anaingia. Daftari likinenepa, usikimbilie kusema ugonjwa umenenepa.

Hata ndani ya wodi, kinachohesabiwa ni kile kilichotafutwa. Muuguzi makini humlaza mtoto chini ya taa, akapitisha kidole chenye glavu kinywani kupapasa kaakaa. Humgeuza na kushuka na uti wa mgongo pingili kwa pingili, akitafuta uvimbe, kishimo au shungi la nywele. Huhesabu vidole, hukunjua mapaja, huangalia kama njia ya haja kubwa imefunguka. Ni dakika chache tu, lakini muuguzi akiwa peke yake usiku na akina mama watatu wanasukuma kwa wakati mmoja, kaakaa hilo halitaguswa. Tundu dogo la moyo ndilo gumu zaidi, kwani halionekani kwa macho. Nchi zilizopata mashine nzuri za kupiga picha za moyo ziliona idadi ya matundu hayo ikipanda, ilhali mioyo ya watoto haikuwa imebadilika.

Ndiyo maana hata takwimu kubwa hupishana. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa asilimia 6 ya watoto wote huzaliwa na kasoro; Marekani husema mtoto 1 kati ya 33, yaani kama asilimia 3. Sehemu ya tofauti hiyo ni orodha tu, yaani nani anahesabu nini. Tena wote huhesabu waliofika siku ya kuzaliwa, na mimba nyingi zenye kasoro kubwa huharibika mapema.

Je, kasoro huongezeka kweli? Ndiyo, huongezeka. Dawa ya thalidomaidi iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono au miguu mifupi. Msiba huo ndio uliozifundisha nchi kuweka rejista za kudumu. Mwaka 2015 madaktari wa kaskazini mashariki mwa Brazili waliona watoto wengi wenye vichwa vidogo mno, na virusi vya Zika vikatambuliwa kuwa chanzo.

Zinapungua pia, na hapa ndipo napenda kukaa. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba vitamini iitwayo foliki asidi hupunguza kwa asilimia 72 uwezekano wa mama aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi kumpata mwingine. Marekani ililazimisha foliki kwenye unga mwaka 1998, na kasoro hizo zikashuka kwa takriban theluthi moja. Kenya ililazimisha mwaka 2012, kwa unga wa ngano na wa mahindi. Unga wa pakiti, lakini. Mahindi unayopeleka kusaga kwenye mashine ya posho pale mtaani kwa kawaida hayaongezwi kitu.

Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo wengi hawajajua kama ni wajawazito, na kliniki ya kwanza bado miezi. Anayepanga kushika mimba ameze maikrogramu 400 za foliki kila siku kuanzia mwezi mmoja kabla. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa zaidi, amwone daktari mapema. Anayetumia dawa ya kifafa iitwayo valproeti pia amwone, wala asiiache ghafla.

Na mtoto wako akionekana na tatizo, omba jina la tatizo hilo liandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto kabla hamjatoka wodini. Neno "kasoro" peke yake halimsaidii daktari wa upasuaji, na sisi tunaohesabu hatujui tuliweke safu gani.