Kujua kubonyeza si kujua kupima: dhana potofu kuhusu vijana na uzushi wa mtandaoni

Dhana: Vijana wamezaliwa na simu mkononi, hawana cha kufundishwa

Hii naipata kila nikipita Ngamiani, hapa Tanga mjini, kuwaomba wazazi waniachie watoto saa mbili za Jumamosi niwafundishe kupima habari za mtandaoni. "Mwalimu, huyu ndiye anayenifundisha mimi kutuma pesa, wewe utamfundisha nini?"

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwahi kuwapa watu tovuti wasizozijua wazipime: wanafunzi 25 wa chuo hicho, wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, na wahakiki habari 10. Wanafunzi, na hata wengi wa wasomi wale, waliganda kwenye ukurasa uleule, wakivutiwa na nembo nzuri na jina la tovuti. Wahakiki hawakukaa. Walitoka mapema, wakaenda kuangalia wengine wanasemaje kuhusu tovuti hiyo.

Tanga hatuhitaji profesa wa kutueleza hilo. Posa ikija nyumbani, mama hamuulizi bwana harusi kama ana tabia njema. Anatuma mtu mtaani kwao. Vijana wangu naanza nao hapo, na wanaelewa kabla sijawasha simu.

Dhana: Uzushi umeletwa na intaneti

Novemba 1914 jeshi la Waingereza, askari 8,000 hivi, wengi wao kutoka India, lilishuka hapa Tanga kuwang'oa Wajerumani. Upande wa pili kulikuwa na askari kama 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza wakapigwa, wakarudi melini na kuacha silaha nyingi nyuma. Katikati ya mapigano nyuki walichokozwa, wakauma pande zote mbili bila kuuliza bendera. Baadaye propaganda ya Uingereza ikageuza mkasa huo kuwa hila: eti Wajerumani walitega nyaya kwenye mizinga ya nyuki ili wadudu hao wamvamie adui.

Napenda mfano huu kuliko wowote wa mtandaoni, maana viungo vyote vimo. Kuna punje ya kweli: nyuki walikuwepo. Kuna aibu inayotafuta kisingizio. Na kuna adui ambaye msikilizaji ameshakuwa tayari kumdhania lolote. Sasa nikiwapa ujumbe wa leo nawaambia, "Nitafutieni nyuki." Wanaanza na ile punje ya kweli, kisha wanauliza nani ananufaika na kilichoongezwa.

Dhana: Video haidanganyi

Jumamosi moja niliwaonyesha klipu iliyokuwa inazunguka: maji yamefika madirishani, mwanamke analia, na maelezo juu yake, "Tanga mjini leo asubuhi." Darasa likanyamaza. Wawili wakashika simu zao wapige nyumbani.

Binti wa kidato cha pili akasema, "Mwalimu, rudisha kidogo. Simamisha hapo." Pembeni palikuwa na pikipiki imelala kwenye tope. "Hii bodaboda si ya kwetu, namba yake haianzi na MC." Mwenzake akadakia kwamba hata lile gari linalokwepa maji linapita kulia, sisi tunapita kushoto. Dakika moja, bila kutumia bando.

Mafuriko yale yalikuwa ya kweli na mwanamke yule alilia kweli, ila si Tanga. Watu wameshikwa na hofu ya akili unde (AI), na ni haki yao, lakini mzushi mvivu hana haja nayo. Anachukua picha halisi anaibandika maelezo ya uongo. Macho yakishindwa ndipo tunapiga skrinishoti na kuitafuta picha kwenye Google Lens, au kuangalia kama wahakiki habari wa hapa nchini, JamiiCheck au Nukta Fakti, wameshaipima.

Dhana: Somo hili ni kuwafundisha wasiamini kitu

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Wiki za mwanzo niliwapa mifano kumi mfululizo, yote ya uongo. Kijana mmoja akaanza kuita kila kitu fiksi, hadi tahadhari ya mvua kubwa iliyotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nilikuwa nimemhamisha kutoka shimo moja hadi jingine, kwa sababu asiyeamini chochote huishia kuamini rafiki zake tu. Siku hizi nachanganya za kweli na za uongo, na anayeita ya kweli "uongo" anapoteza alama sawasawa na mwenzake.

Dhana: Wanaodanganyika ni wajinga

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Ujumbe huu tunaucheka wote, mpaka siku unaingia wakati unasubiri kweli namba ya mwenye nyumba umlipe kodi. Tapeli hapimi akili yako, anavizia haraka yako. Na jambo likirudiwarudiwa huanza kuonekana la kweli. Wanasaikolojia walilionyesha hilo kwa majaribio tangu 1977.

Dhana: Vijana ndio wasambazaji wakubwa

Utafiti kuhusu watumiaji wa Facebook wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2016 ulikuta waliozidi miaka 65 walisambaza habari kutoka tovuti za uongo karibu mara saba ya vijana. Marekani si Tanga, lakini fungua grupu la ukoo uone.

Ugumu ni kumsahihisha mkubwa. Mwanafunzi wangu alikuta shangazi yake ameweka ujumbe wa dawa ya kisukari, wenye ile mishale miwili ya WhatsApp inayoonyesha umeshapita kwenye mlolongo wa mikono mitano au zaidi. Hakumjibu mbele ya ukoo. Alimfuata inboksi: "Shikamoo shangazi. Hii umeipata kwa nani?"

"Marahaba mwanangu. Kwa jirani."

"Na yeye?"

Kimya cha nusu saa. Kisha, "Hajui. Ngoja niifute."

Akaifuta kabla ya magharibi. Ile ya mjomba kuhusu vitunguu maji bado ipo.