Kukeneka mafuta ya kunukia: kwa nini karafuu ileile hutoa mafuta tofauti

Kukeneka ni kugeuza kimiminika kuwa mvuke, kuuhamisha mvuke huo na kuupoza urudi kuwa kimiminika mahali pengine, ili kilichoruka kitengane na kilichobaki. Kwa mimea yenye harufu, kinachoruka ni mafuta ambayo siku hizi huandikwa sana kuwa “mafuta muhimu”. Jina hilo halimwambii msomaji kitu. Mafuta ya kunukia ndiyo lugha inayoeleweka, na alama yake ni kuruka: dondosha tone la mafuta ya mchaichai kwenye karatasi nyeupe na litatoweka, dondosha la nazi na doa litabaki.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba chungu cha kukenekea kinatoa tu kilichokuwa ndani ya mmea. Chungu huchagua, na mara nyingine hugeuza. Mfano wa karibu ni karafuu.

Kitu kikuu ndani ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, ambayo peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi. Ukiifikisha huko ndani ya mmea utaunguza kila kitu. Lakini eujenoli na maji havichanganyiki vizuri, na vimiminika vya namna hiyo vikipashwa pamoja kila kimoja hutoa mvuke wake bila kumngoja mwenzake, na nguvu za mivuke hiyo hujumlishwa. Jumla ikilingana na kanieneo ya hewa, yaani msukumo wa hewa inayotuzunguka, vyote viwili huchemka kwa pamoja, chini kidogo ya nyuzi 100. Ndiyo maana maji hutumika katika kila njia. Tofauti iko katika namna maji yanavyokutana na mmea.

Njia ya kwanza ni kuuchemsha mmea ndani ya maji. Inafaa kwa unga na kwa maua laini kama mawaridi, kwa sababu mvuke ukipigwa chini ya petali za waridi huzigandamanisha kuwa donge na kupita pembeni yake. Njia ya pili ni kuuweka mmea juu ya wavu wa chuma, maji yakichemka chini bila kugusa majani. Wakulima wengi wadogo wa mchaichai hutumia hii kwa sababu tangi moja na moto mmoja vinatosha. Ya tatu ni kuleta mvuke kutoka boila iliyo kando, ukapenya tangi lenye mmea peke yake bila maji. Viwanda hupenda hii, kwa kuwa moto haukaribii mmea na mvuke unaweza kuongezwa au kupunguzwa kwa koki.

Sasa angalia karafuu. Kilo 100 za karafuu kavu nzuri hutoa kilo 15 hadi 20 za mafuta. Makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua, hutoa kilo 5 hadi 7, na majani kilo 2 au 3. Kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kule Wawi, Chake Chake, Pemba, hukeneka makonyo. Karafuu yenyewe ina bei ya kuuzwa nzima. Mafuta ya makonyo huwa na eujenoli asilimia 90 hadi 95, ni makali na ya moja kwa moja. Mafuta ya karafuu yenyewe huwa na eujenoli pungufu kidogo, pamoja na asetati ya eujenoli ya asilimia 8 hadi 15 hivi, inayoyapa ule utamu wa tunda.

Hiyo asetati ndiyo inayoumia. Ni esta, yaani asidi iliyoungana na kitu kingine, na esta ikikaa muda mrefu kwenye maji ya moto huvunjika: hapa hutoka eujenoli na asidi ya siki, na asidi hiyo nayo huharakisha uvunjikaji unaoendelea. Kwa hiyo karafuu ileile, ikichemshwa ndani ya maji kwa saa nyingi, hutoa mafuta yenye eujenoli nyingi na utamu mdogo kuliko ikipitishiwa mvuke wa boila. Anayetafuta eujenoli kwa ajili ya dawa ya meno hapotezi kitu. Anayetengeneza manukato amepoteza alichokilipia. Lavenda hupatwa na jambo hilohilo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu esta ni sehemu kubwa sana ya harufu yake.

Mvuke wa boila nao una mtego wake. Watu huongeza joto wakidhani mafuta yatatoka haraka, kumbe mvuke uliopashwa kupita kiasi huukausha mmea. Mafuta mengi yamo ndani ya vifuko na hutoka kwa kusafiri kupitia unyevu wa tishu hadi nje, ndipo mvuke uyachukue. Tishu ikikauka, njia imefungwa: bomba linatoa maji matupu na mafuta yamebaki ndani. Kisibiti kinaonyesha safari hiyo vizuri kuliko mmea mwingine wowote. Mafuta yake yana limonini, inayochemka kwa nyuzi 176, na kavoni, inayochemka kwa nyuzi 231. Ukikeneka mbegu zilizosagwa, limonini hutangulia kama unavyotarajia. Ukikeneka mbegu nzima, kavoni ndiyo hutangulia, kwa kuwa inayeyuka zaidi kwenye maji na hupenya tishu upesi. Kwa hiyo usikate mkenekano mapema ukidhani vitu vyote vinavyoruka upesi vimeshatoka. Na ukisaga karafuu au kisibiti, pakia chunguni siku hiyohiyo. Unga hupoteza harufu upesi.

Upakiaji wenyewe huharibu kazi nyingi. Mvuke hupita palipo na upenyo. Majani yakishindiliwa upande mmoja na kuachwa wazi upande mwingine, nusu ya tangi haijapikwa. Panga kwa matabaka, sambaza kwa mkono, na baada ya kazi fukua: majani yaliyobaki na harufu kali katikati yanakuonyesha mvuke ulikopita na usikopita. Kwenye chungu cha moto wa moja kwa moja, maji yakishuka hadi mmea uguse chuma, mafuta hupata harufu ya kuungua isiyotoka tena. Chuma cha kawaida nacho hukutana na eujenoli na kuyafanya mafuta kuwa meusi. Tumia chuma kisichoshika kutu.

Muda pia ni chujio. Mlangilangi kule Komoro hukenekwa kwa saa 18 au zaidi, na mafuta hukingwa kwa mafungu. Fungu la kwanza, liitwalo ekstra, limejaa esta na ni zito. Mafungu yanayofuata huzidi kuwa mepesi kwa uzani na hafifu kwa harufu, na bei hushuka nayo. Ukiyachanganya yote umeuza ekstra kwa bei ya mwisho.

Maji yanayotoka pamoja na mafuta hayafai kumwagwa bila kufikiri. Harufu kubwa ya petali za waridi hubebwa na alkoholi ya feniletili, inayoyeyuka kwenye maji kiasi kwamba mafuta yaliyokenekwa huwa nayo kidogo tu. Ndiyo maana mawardi, kama yale ya Jabal Akhdar huko Oman, hunukia ua kuliko mafuta yake. Eujenoli nayo huyeyuka, gramu 2 na kitu kwa kila lita. Lita 400 zikimwagwa, karibu kilo nzima ya mafuta imekwenda mtaroni. Yarudishe maji hayo kwenye chungu au boila ya mkenekano unaofuata.

Hatimaye chombo cha kutenganishia. Mafuta ya mchaichai huelea, kwa hiyo chombo chake hutoa maji kupitia bomba linaloanzia chini na kuacha mafuta juu. Mafuta ya karafuu na makonyo ni mazito kuliko maji na huzama. Ukitumia chombo cha mchaichai bila kukigeuza, mafuta yataondoka na maji machafu yakipitia bomba la chini. Yatoe maji juu, weka koki ya mafuta chini, na acha yatulie siku nzima, kwani tofauti ya uzito ni ndogo na maji hubaki kama maziwa. Usitie chumvi kuharakisha, ingawa inasaidia mafuta yanayoelea. Maji yenye chumvi ya asilimia 7 yana uzito wa gramu 1.05 hivi kwa mililita, sawa na mafuta ya karafuu, na matone yataning'inia katikati yasipande wala yasishuke.